Kipa wetu ametoka kuugua mono: arudi golini mechi ya Faza, au tungoje?

MwanaLangoni (mwenye mada)

Asalaam aleikum. Naleta jambo hili hapa kwa sababu nyumbani kila mmoja ameshakuwa daktari.

Mimi ndiye mlezi wa timu moja ya vijana hapa Langoni, mtaa wa Amu (Lamu). Ulezi wenyewe ni kununua mipira na kutafuta nauli ya boti, msidhani nina cheo. Kipa wetu ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 18, mrefu, krosi azidaka hewani bila kubahatisha. Alianza na homa na koo kuuma. Dada akampa panadol, homa haikutoka, akamnunulia amoksilini dukani. Kumeza siku mbili tatu, mwili mzima ukatoka vipele vyekundu, na shingo ikajaa tezi pande zote mbili. Hapo ndipo akapelekwa hospitali. Malaria hana, taifodi hana. Wakapima tena damu, wakasema ni mono, ugonjwa wa virusi. Picha ya altrasaundi ikaonyesha wengu umevimba. Akaambiwa apumzike, mpira asiuguse, arudi aangaliwe.

Sasa homa imekwisha na koo limepoa. Wali wa nazi anakula na ukoko akwangua. Yuwataka kurudi golini, na wiki ya tatu tangu homa ianze haijatimia. Jumamosi ijayo tuna robo fainali Faza, kisiwa cha Pate. Kipa wetu wa akiba ana miaka 15, na mpira wa juu ukija afumba macho.

Shemeji yangu anaishi New Jersey, Marekani, na ni shabiki wa kufa na kuzikana wa Jets, timu ya mpira wa Kimarekani. Katutumia sauti kwenye simu: "Sam Darnold aliugua mono hiyo hiyo mwaka 2019, akarudi, akawapiga Cowboys. Mwacheni mtoto acheze." Kwa wasioufuata mpira wa Kimarekani, huyo Darnold alikuwa kwotabeki, yule anayepewa mpira nyuma ya ukuta wa wenzake na kuurusha mbele. Alikuwa kijana wa miaka 22, na timu nzima ilimtegemea yeye. Wapinzani kazi yao ni kumfikia kabla hajaurusha na kumbwaga chini, watu wa kilo mia na zaidi.

Swali langu: kama yule aliruhusiwa kurudi kwenye mchezo wa namna ile, kipa wa mpira wa miguu ana hatari gani ya kumzidi? Au shemeji kuna kitu amekiruka?

---

Kaskazi_Amu

Mwacheni acheze. Huyo Darnold alitengenezewa kinga maalumu ya kufunika mbavu na wengu, akavaa ndani ya jezi. Tafuteni sponji nzuri, mshonee fundi pale sokoni, yaishe. Mimi mechi ile niliiangalia, ilianza kwetu karibu saa sita usiku. Alirusha pasi moja ya yadi 92 hadi mwisho wa uwanja, Jets wakashinda 24 kwa 22. Mgonjwa gani huyo?

---

MzeeWaZamu

Wa aleikum salaam, MwanaLangoni. Nilikuwa afisa wa kliniki visiwa hivi mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Na wewe Kaskazi, kaa kitako.

Shemeji ameruka mwezi mzima. Jets walitangaza ugonjwa wa Darnold tarehe 12 Septemba 2019, siku chache baada ya kufungwa na Bills 17 kwa 16. Alirudi uwanjani tarehe 13 Oktoba. Katikati hapo timu yake ilipigwa na Browns 23 kwa 3, ikapigwa na Patriots 30 kwa 14, ikapigwa na Eagles 31 kwa 6. Kabla ya ile ya Eagles kijana alikuwa ameshaanza mazoezi, homa hana, anataka kucheza, na timu haijashinda hata mechi moja msimu ule. Wakampima, wengu ungali mkubwa. Madaktari wakakataa, naye akakaa nje. Mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba anataka kurudi lakini kwanza awe na hakika hatakufa uwanjani. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana hilo ndilo jambo lenyewe.

Kwa hiyo mkitaka kumfuata Darnold, mfuateni tangu Septemba.

Sasa wengu. Unakaa kushoto, juu, umejificha nyuma ya mbavu za chini. Virusi vya mono, jina lake Epstein-Barr, huufanya ujae damu na chembe za kinga mpaka uchungulie chini ya mbavu, na ganda lake likawambika jembamba kama la embe lililoiva kupita kiasi. Ukipasuka, damu yamwagikia tumboni. Ni nadra, sitaki kukutisha: kati ya wagonjwa mia wa mono hata mmoja hafiki. Lakini wanaopatwa, wengi wao hupatwa ndani ya wiki tatu za mwanzo, na wengine hawakugongwa na mtu. Wamekohoa tu, au wameinua kitu kizito. Hapo ndipo ilipotoka ile hesabu ya madaktari: wiki tatu za mwanzo mchezo hakuna, na mchezo wa kugongana afadhali iwe wiki ya nne au zaidi, akiwa hana homa, ana nguvu zake, na daktari ameridhika. Wiki zenyewe unahesabu tangu siku ya kwanza ya homa. Watu wengi huanza kuhesabu siku walipopewa karatasi ya maabara.

Picha nayo isikupe jeuri. Vijana warefu wa mazoezi huwa na wengu mkubwa kwa maumbile yao. Kama hukupigwa picha ukiwa mzima, hakuna awezaye kusema kwa yakini huu umerudi kawaida au bado. Picha yasaidia, lakini kalenda usiitupe.

Umeuliza kipa ana hatari gani. Tazama anavyoruka kushoto: anaangukia ubavu ule ule, ardhi ya kwetu ni kavu, na mara nyingine mpira uko chini ya ubavu. Halafu goti la mshambuliaji linafuata. Sponji ya fundi itazuia mchubuko. Goti la mtu anayekuja mbio haitalizuia. Hata ile kinga, Darnold aliivaa mechini baada ya kuruhusiwa, ikawa ziada juu ya ruhusa.

Na kuna jambo ambalo daktari wa Jets hakuwa na haja ya kulifikiria, wewe huna budi. Yeye akikosea, pembeni mwa uwanja kuna madaktari na ambulensi, na barabara ya lami hadi hospitali kubwa. Wewe mechi yako iko Faza. Mtu akianza kuvuja damu ndani, anahitaji damu ya kuongezwa na daktari wa upasuaji, saa ile ile. Uliza kwanza kama siku ya Jumamosi hivyo viwili vitakuwa tayari karibu na uwanja. Kama havipo, ndia ni bodaboda hadi gatini Mtangawanda, kisha boti, na maji yakiwa yametoka pale mkondo wa Mkanda wewe mwenyewe wapajua. Ukifika Amu bado hujaambiwa kama utapelekwa mbele Malindi au Mombasa. Nimesafirisha wagonjwa kwa maji. Tumbo linalojaa damu halingojei bamvua.

Hatari ya wengu kupasuka ni ile ile Faza na New Jersey. Kinachobadilika ni kitakachofuata ukipasuka, na kwa sababu hiyo sisi wa visiwani twapaswa kuwa waoga kuwazidi wao. Mimi ningesema hata mechi ya hapa hapa Twaif ingoje, seuze ya kuvuka maji.

Tena tuseme ameokolewa, wengu umetolewa. Huku kwetu kuna malaria. Asiye na wengu malaria humwelemea zaidi, na vijidudu vingine vya damu vivyo hivyo. Atahitaji chanjo, na kila homa kwake itakuwa safari ya hospitali usiku huo huo, maisha yake yote. Kwa robo fainali?

---

UmmuSwabra

Mimi nina la pembeni, mniwie radhi. Mwanangu alipougua hii, jirani mmoja alisoma kwenye simu kwamba huambukizwa kwa kubusiana. Mtaa mzima ukaanza kumwuliza mtoto amembusu nani. Msichana wa watu alikoma kupita ndia yetu. MwanaLangoni, mkinge mpwa wako na hilo pia, maana homa itapoa na maneno yatabaki.

Mzee, tueleze, kwa kikombe si huambukizwa?

---

MzeeWaZamu

Huambukizwa kwa mate, Bi Ummu, na mate yako kwenye kikombe, kijiko na ile chupa moja ya maji ambayo wachezaji kumi na mmoja huizungusha wakati wa mapumziko. Wengi wetu hapa tulivipata virusi hivi utotoni, mama akitutafunia chakula, na hatukuumwa lolote la kukumbukwa. Anayechelewa mpaka ujanani ndiye huangushwa hivi. Kumtenga hakufai kitu, kwani virusi hukaa mateni miezi mingi baada ya mtu kupona. Kila mchezaji na chupa yake, basi.

---

MwanaLangoni

Shukran Mzee. Tarehe za Darnold nimemtumia shemeji. Kajibu kwa kuguna.

Matatu nikuulize. Mazoezi mepesi je, kukimbia tu ufukweni asubuhi? Pili, vile vipele, dada asema mtoto ana mzio wa amoksilini na asipewe tena maishani. Tatu, nyumbani kila anayeingia amminya tumbo kuona kama wengu umeshuka.

---

MzeeWaZamu

La tatu likome leo. Kuminyaminya wengu uliovimba ni kuutafutia balaa, hata sisi tuliofundishwa twagusa kwa upole.

Vipele: mwenye mono akipewa amoksilini au ampisilini, mara nyingi hutoka vipele hivyo, na wengi wao si wenye mzio wa kweli. Mwambieni daktari aandike vipele vilitokea wakati wa mono, ili siku moja asinyimwe dawa inayomfaa. Dawa yenyewe wala haikuwa na kazi, mono ni virusi. Maumivu ampe parasetamoli, aspirini asimpe.

Kukimbia, angoje wiki tatu zitimie na daktari amwone. Aanze kwa kutembea hadi Shela na kurudi. Uchovu wa mono ni wa kudanganya: asubuhi mtu ni simba, alasiri hawezi kuinua ndoo. Huweza kudumu wiki nyingi.

Na hili dada alijue kwa moyo: maumivu ya ghafla ubavu wa kushoto juu, au bega la kushoto linauma bila kuteguka, pamoja na kizunguzungu, jasho baridi, kupauka. Bega lenyewe halina kosa, ni damu inayochokoza chini ya kiwambo cha pumzi. Hapo hakuna kusubiri kuche.

---

Kaskazi_Amu

Sawa Mzee, nimekaa kitako. Lakini niseme moja. Wiki iliyofuata ile ya Cowboys, Jets walicheza na Patriots, kwetu ikaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Darnold alipoteza mpira kwa adui mara nne kwa pasi zake, wakalala 33 kwa 0. Hiyo nayo ilikuwa mono?

---

MzeeWaZamu

Hiyo ilikuwa Patriots. Usinisukumie virusi kila kitu.

---

Kocha_Faza

Nimesoma yote kimya kimya. MwanaLangoni, huyo mgonjwa mwacheni alale. Ndooni na huyo wa miaka 15, tutampigia krosi kwa adabu.

---

MwanaLangoni

Kocha, adabu yenu twaijua.

Nimekaa na dada na mtoto jana baada ya isha. Kakasirika, hasemi nami, asema Jumamosi atakuja japo akae benchi. Nimekataa hilo pia. Najijua: tukifungwa moja, dakika ya sabini, yuko pale na glavu mkononi na mimi ndiye mwenye kusema aingie, nitasema aingie. Atabaki Amu, na boti yetu itaondoka na maji ya alfajiri kabla hajaamka. Wiki ijayo ana miadi ya daktari, nitakwenda naye mimi.

Limebaki la glavu. Za mpwa wangu ni kubwa, yule mdogo akizivaa vidole vyapwaya. Kuna mwenye nambari 7 wa kutuazima mpaka Jumamosi?

---

Kocha_Faza

Ninazo. Utazikuta uwanjani, baada ya mechi.