Nipande maua gani yanipe cha kuandika vuli hii?

Kalamu_Kavu
Habari zenu wadau. Nina kipande cha mita 2 kwa 3 mbele ya nyumba hapa Nairobi, udongo mwekundu, jua linapiga hadi saa nane mchana. Naandika mashairi na hadithi fupi. Nataka maua yatakayonipa jambo jipya kila wiki mvua ya vuli ikianza. Nipande nini, na niyatazameje? Kila nikiandika kuhusu maua naishia "yanapendeza" na "yananukia".

Mama Kitalu
Anza na jana-leo-kesho. Ua lake hufunguka likiwa zambarau, kesho yake hufifia, na kufikia siku ya tatu hivi limekuwa jeupe, kwa hiyo kichaka kimoja hubeba rangi tatu kwa pamoja. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, rudishia udongo madebe mawili kwa debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huchoma mizizi. Mbolea ya naitrojeni ikizidi utapata majani tele na maua ya kuhesabu. Kama mnafuga mbwa, tafadhali liache kabisa: matunda na mbegu zake ni sumu kwao.

Weka na mshubiri, maana maua yake humwita chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda.

Waridi moja latosha. Baridi ya Juni na Julai huleta ukungu mweupe kama unga kwenye majani, basi lipe nafasi ya hewa na ulimwagilie shinani, asubuhi. Vidukari wakija, kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, unyunyizie chini ya majani jioni.

Mizani Nane
Ndugu Kalamu, "yanapendeza" ni hukumu, na msomaji hawezi kuiona. Bustani inakupa vitenzi: tumba huvimba, hupasuka, ua huchanua, husinyaa, hunyauka, petali hupukutika. Funga uzi kwenye tumba moja la jana-leo-kesho ulifuate hadi lianguke. Dakika 10 kila siku, saa ile ile, andika kilichobadilika tangu jana tu. Ukiruka siku mbili rangi ya kati imekupita, na hiyo ndiyo ngumu kuibuni. Baada ya hapo mshororo huja wenyewe:

*Juzi zambarau tupu, leo jeupe kabisa*

Mizani 8 kwa 8, na uzee umeingia bila kutajwa.

Huyo chozi naye ni hazina. "Chozi ametua" ni ndege, "chozi limetua" ni la jicho. Silabi moja ya upatanisho inaweza kubeba ubeti mzima!

Mtaa wa Jakaranda
Nyongeza kuhusu majira. Wengi huyafasiri majira ya chipuko ya Ulaya (spring) kuwa "masika", kisha hadithi ya Nairobi inachanua jakaranda mwezi wa nne. Masika yetu ni mvua ndefu, Machi hadi Mei. Jakaranda huchanua zaidi Septemba hadi Novemba, na huanza kabla vuli haijashika. Mhusika wako basi atakanyaga maua hayo kwenye vumbi, na wiki chache baadaye yale yanayoendelea kudondoka yatamtelezesha kwenye matope. Andika tarehe juu ya kila ukurasa wa daftari.

Kalamu_Kavu
Ahsanteni sana. Mama Kitalu, mshubiri hautaoza mvua ikikaza?

Mama Kitalu
Utaoza ukiupanda bondeni. Inua tuta la sentimita 20, changanya udongo na mchanga wa mto nusu kwa nusu, na usiumwagilie kabisa mvua ikianza. Ukiona majani ya chini yamelegea na kuwa kama maji, ng'oa, kata mizizi iliyooza, anika kivulini siku tatu, kisha panda upya.