Usomaji wa 4–20 mA unarukaruka inveta ikiwaka

Wakuu, transmita ya presha (kihisi kinachotuma kipimo kwa mkondo wa 4–20 mA) inasoma baa 6, imetulia. Mota ya kW 15 ikiwashwa kwa inveta (kifaa cha kudhibiti kasi yake), PLC (kompyuta ya kudhibiti mitambo) inacheza kati ya 5.2 na 7. Kebo zote zimepita trei moja. Nianzie wapi?

— Trei kwanza, mkuu. Tenga kebo ya mota na ya ishara angalau sm 30. Zikilazimika kukutana, zivukane kwa nyuzi 90. Kebo ya mota iwe na wavu wa kinga, ufungwe ethi paneli na mota, kwa klempu inayoukumbatia wavu mzunguko mzima. Ukiusokota mkia na kuubana skrubu, umeharibu: kwenye masafa ya juu mkia huo ni koili tu, unazuia kelele ya umeme isiende ethi. Na kwangua rangi chini ya klempu!

— Wavu wa kebo ya ishara umefungwa ethi pande ngapi?

— Zote mbili.

— Fungua upande wa transmita. Ethi zikitofautiana volteji, mkondo wa 50 Hz unapita kwenye wavu huo.

— Pia shusha masafa ya kukatakata ya inveta (kasi ya swichi zake kuwaka na kuzima), kHz 8 hadi 4. Mota itapiga mluzi zaidi, vumilia. Filta ya ndani ya PLC iwe ya mwisho, inaficha tatizo tu.