Naomba ushauri: karatasi za mbwa anayeenda Ujerumani

Hamjambo wadau. Niko Kisumu. Dada yangu anahamia Ujerumani na hataki kumwacha mbwa wake, Simba. Shughuli ya karatasi nimeachiwa mimi.

Kijitabu kinaonyesha Simba alichanjwa kichaa cha mbwa mwezi Machi, lakini stika ya chipu (kitambulisho kidogo cha kielektroniki kinachowekwa chini ya ngozi) ina tarehe ya Aprili. Umoja wa Ulaya unataka chipu itangulie chanjo. Kisha kwa mbwa wa kutoka Kenya damu hutolewa angalau siku 30 baada ya chanjo, hupimwa kwenye maabara wanayoitambua, halafu mnangoja miezi 3 tangu damu itolewe. Daktari aliyemchanja anasema tarehe hazitazamwi. Mimi siamini, maana wakaguzi wa uwanja wa ndege wa Frankfurt husoma kila mstari.

Daktari wa mifugo wa kaunti nimempigia, akaniambia "nenda Kabete" (makao makuu ya huduma za mifugo, Nairobi), basi.

Je, Simba achanjwe upya na hesabu ianze mwanzo, au kuna aliyewahi kupita na tarehe kama hizi? Na cheti cha afya, ambacho hudumu siku 10 tu hadi kuingia Ulaya, chaweza kuidhinishwa huku Kisumu au ni lazima nikifuate Kabete mwenyewe? Tiketi hatujakata bado.