Je, sauti iliyokuzwa inaweza kufichua ateri iliyosinyaa?

Swali: Habari zenu wanajukwaa. Daktari alimwekea baba yangu stetoskopu ya kielektroniki (kifaa cha kusikilizia kinachokuza sauti) shingoni, akamwomba azuie pumzi kidogo, kisha akasema anasikia mvumo. Naomba kueleweshwa: mshipa uliosinyaa hutoaje sauti, na je, ukimya una maana kwamba mshipa ni mzima?

Jibu la 1: Pole kwa mzee, ndugu. Damu hupita kwa utulivu katika ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyo pana, lakini ikilazimika kupenya mahali palipobanwa na mafuta yaliyojijenga ukutani, huongeza kasi na, ikitokea upande wa pili, huzungukazunguka na kuutikisa ukuta wa mshipa. Mtikisiko huo ndio mvumo. Pumzi huzuiwa kwa sababu sauti ya hewa kooni hufanana nao, na kifaa kikikuza kimoja hukuza vyote.

Jibu la 2: Ukimya usikutulize hata kidogo. Mshipa ukikaribia kuziba kabisa, damu inayopita huwa chache mno hata mvumo hutoweka. Tena, mvumo wa shingoni unaweza kuwa umepanda kutoka kwenye vali ya moyo. Msihi daktari afanye altrasaundi ya Doppler, inayopima kasi ya damu yenyewe.

Jibu la 3: Kwa ateri za moyo kazi ni ngumu zaidi, kwani mvumo wake ni hafifu sana. Watafiti huutafuta mvumo huo pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, wakati ambapo ateri hizo hupokea damu nyingi zaidi.