Tupeane uzoefu: chaneli za nyumbani zikitoweka kwenye king'amuzi, nyie wa Mtwara na Lindi mlifanyaje?

Mwana wa Mikindani

Wakuu wa Kusini, habari za jioni. Swali hili nimelizungusha mtaani kwetu Mikindani na kila mtu ana jibu lake, nikaona bora tuliweke mahali pamoja. Simaanishi kifurushi kupanda bei, hilo lina siku yake. Namaanisha ile ya kulipia king'amuzi vizuri kabisa, halafu chaneli za hapa hapa nchini zinazimwa kwa sababu wakubwa hawajaelewana juu ya mkataba, leseni au malipo. Wewe unabaki unabonyeza rimoti tu.

Kwa ambao mlikuwa wadogo: kubwa kuliko zote ilikuwa Agosti 2018. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisema kampuni zinazorusha kwa setilaiti, yaani DStv, Azam na Zuku, leseni zao haziziruhusu kubeba chaneli za ndani zilizosajiliwa kuonwa bure, maana mwananchi hapaswi kulipia kitu cha bure. ITV, EATV, Star TV, Channel Ten na Clouds zikaondoka kwenye madishi hayo. TBC1 ikabaki. Mwenye kuzitaka zile nyingine akaambiwa zipo kwenye ving'amuzi vya antena. Kwa karatasi, hoja inashika. Ila aliyeko Upanga na aliyeko Nanyumbu hawakuisoma kwa macho yaleyale.

Baadaye zikarudi, lakini mizozo ya namna hii haijaisha duniani. Simulieni yenu. Sharti moja: usitaje jina la kampuni uliyogombana nayo wala wakala wako. Tunataka kisa, hatutaki kesi.

Korosho Ghafi

Asante mkuu. Mimi nipo Tandahimba, na mwaka huo 2018 hakuna mkulima wa huku atakayeusahau. Oktoba minada ilipofunguliwa wakulima walizikataa bei za wanunuzi. Korosho zikakaa ghalani, watu wanadaiwa ada za shule na madeni ya salfa ya kupulizia mikorosho, na kila jioni swali ni moja: wamesemaje Dodoma, wamesemaje Dar?

Nyumba yenye ungo kwenye safu yetu ilikuwa ya kwangu. Majirani wanakuja na vigoda vyao baada ya magharibi, nawasha, nazunguka chaneli zote, naishia palepale TBC1. Tarehe 12 Novemba tukaliona tangazo lenyewe: Rais Magufuli anasema serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazibeba. Uwanja wangu ulilipuka kwa vigelegele, sikufichi.

Lakini sasa nikuulize: baada ya tangazo, mkulima anataka nini? Anataka kusikia watu wakilijadili. Nani atalipwa lini? Kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, atabanwaje? Mwenye kilo nyingi atahakikiwa na nani? Vipindi vya usiku vya kubishana na vile vya asubuhi vya kusoma magazeti, ambavyo tulivizoea kwenye zile chaneli nyingine, havikuwepo. Tulilisikia tangazo, hatukuwasikia wanaoliuliza maswali. Maswali tuliyasikia baadaye sana, uhakiki ulipotufikia wenyewe mlangoni.

Liwale Ndani Ndani

"Ving'amuzi vya antena." Hahaha. Huku kwetu nilipo, antena ni ya kuanikia nguo.

Fundi Ungo Masasi

Nitaongea kama fundi. Mwezi ule simu yangu haikupumzika. Na wengi hawakujua kuna mzozo wowote. Waliamka, ITV hakuna, wakajua ungo umeyumba. Naitwa, napanda juu ya bati, natrack, signali iko juu vizuri tu, naangalia waya, naangalia kile kichwa cha kupokelea mbele ya ungo, kila kitu kizima. Nashuka namwambia mzee, chaneli zimeondolewa huko zinakotoka. Ananiangalia kama mwizi. "Sasa nikulipe nini, wakati hukutengeneza kitu?" Wengine nilisamehe nauli, wengine tuliachana kwa maneno makali. Kampuni ingetuma hata ujumbe mmoja kwenye skrini kwa Kiswahili kinachoeleweka, ningeokoa mafuta mengi ya pikipiki.

Sasa niwaeleze kitu ambacho wateja wengi bado wanakichanganya. King'amuzi cha ungo kinapokea kutoka setilaiti angani, kwa hiyo ukiwa Liwale au Posta Dar unapata kitu kilekile, mradi mbingu iko wazi mbele ya dishi. King'amuzi cha antena kinapokea kutoka mnara wa ardhini, na antena inataka iuone ule mnara. Kikikaa kilima katikati, imekula kwako. Masasi mnajua milima yetu ya mawe ilivyo. Kuna nyumba mbili zinatazamana, moja inapata chaneli zote na ya pili inapata mchelemchele, kwa sababu imejificha nyuma ya jiwe.

Ndiyo maana uamuzi uliosema "hamieni kwenye antena" ulikuwa mwepesi kwa mtu wa mjini na mzito kwa mtu wa kijijini. Wenye uwezo walinunua king'amuzi cha pili. Meza moja, ving'amuzi viwili, rimoti tatu, na mtoto wa darasa la pili ndiye injinia wa nyumba.

Mzee wa Kashata

Mimi nina kibanda umiza, cha kuonyeshea mpira, hapa Lindi, Mtanda. Vijana mtadhani niliumia kwenye mpira. Mpira haukuguswa, Simba na Yanga watu walijaa kama kawaida, na za Ulaya hivyo hivyo. Nilichopoteza ni saa mbili usiku.

Kulikuwa na wazee wangu, wastaafu wa bandari na walimu, wanakuja kuangalia taarifa ya habari. Kiingilio siwatozi, siwezi kumtoza mzee wa watu kwa habari. Lakini wanakunywa kahawa, wanakula kashata, wanabishana mpaka saa nne. Chaneli yao ilipotoka wakavumilia siku chache, kisha wakahamia kwa jamaa mmoja mtaa wa pili mwenye antena. Hata shikamoo yangu wakaanza kuiitikia kwa mbali. Na chaneli ziliporudi hawakurudi wote, maana mzee akishapata kiti chake kijiweni humtoi tena.

Watu wa mikataba wakikaa mezani sidhani kama kashata zangu zimo kwenye hesabu.

Binti Shangani

Langu ni la Aprili 2019, Kimbunga Kenneth. Mtwara mjini mnakumbuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, shule na ofisi zikafungwa, watu wa mabondeni na wa kando ya bahari wakaambiwa wahame wapande juu. Tuko Shangani, bahari tunaisikia ukiwa kitandani.

King'amuzi cha kwetu, katika chaneli nilizozoea kwa habari, kilikuwa na TBC1 tu. Nashukuru ilikuwepo, lakini huwezi kukaa kwenye chaneli moja ikiwa kwenye kipindi kingine wakati wewe unataka kujua upepo umefika wapi sasa hivi. Basi kilichojaza pengo ni simu. Sauti za WhatsApp zikaanza kuruka: maji yameshapanda, daraja limekatika, fulani kapeperushwa. Mama akafunga mizigo, akaifungua, akaifunga tena. Redio ndiyo iliyotutuliza. Mwisho kimbunga kiliingia nchi kavu Msumbiji, upande wa Cabo Delgado, wenzetu ndio walioumia.

Tangu hapo nyumbani redio ya betri haikosi. Mei 2024 kilipokuja Hidaya na barabara ya Dar kukatika kule Somanga, niliwasha redio kwanza, king'amuzi nikakikumbuka jioni.

Nangurukuru

@Binti Shangani pole dada. Sisi Kilwa wakati wa Hidaya hata ungekuwa na chaneli mia, ungeziangalia kwa umeme gani?

Kaka wa Likoni

Msidhani ni Tanzania tu. Mimi kwetu Mtwara lakini nilikuwa nabeba mizigo Mombasa mwaka 2015. Februari ile Citizen, NTV na KTN zilizima zote, kwa wiki kama tatu hivi. Serikali ilizima mitambo ya analojia, na vyombo vile vikubwa vikakataa kubebwa kwenye ving'amuzi vya kampuni nyingine bila ridhaa yao. Vilitaka vipewe muda vijenge mitambo yao vyenyewe. Walikwenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu.

Ona tofauti sasa. Kwetu 2018 wabebaji ndio walioambiwa wasibebe. Kule wenye chaneli ndio waliosema msitubebe. Mtazamaji wa Likoni kule Mombasa na wa Ligula hapa Mtwara wakaambulia kitu kimoja. Tulikuwa tunasikiliza habari kwenye matatu tukienda feri, kila dereva na stesheni yake.

Korosho Ghafi

Na Marekani je? Maana mtu akirudi kutoka kule atasema kwao haya hayapo.

Mwana wa Mikindani

Yapo, tena ndiyo kwao hasa. Mdogo wangu yuko Houston, king'amuzi chake kilimkatia stesheni ya mji wake katikati ya msimu wa mpira wao. Aliponieleza nikafuatilia. Kule kuna sheria ya mwaka 1992. Kila miaka mitatu stesheni inachagua: ama kampuni ya kebo ilazimike kuibeba bila kulipa, ama stesheni idai ridhaa yake iombwe, na ridhaa hiyo inauzwa kwa pesa. Wenye watazamaji wengi wanachagua kuuza. Mkataba ukiisha kabla hawajakubaliana bei, chaneli inakatwa, na pande zote mbili zinarusha matangazo ya kumwambia mteja apige simu kumlaumu mwenzake. Julai 2023 DirecTV ilipoteza stesheni zaidi ya 150 za Nexstar, zikarudi Septemba.

Na mdogo wangu alifanya nini? Alinunua antena ya kubandika dirishani akaipata stesheni yake bure. Kama Mtwara mjini tu.

Mzee wa Kashata

Kwa hiyo kule stesheni inalipwa ili ibebwe. Kwetu chaneli za bure zinaishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye tangazo anataka macho mengi. Chaneli ikitolewa kwenye madishi, macho ya vijijini yote yameondoka. Nao waliumia basi, si sisi peke yetu.

Fundi Ungo Masasi

Waliumia mzee wangu, hapo umepiga palepale. Ndiyo maana huwa nawaambia wateja, usimtukane mtangazaji wa chaneli, mara nyingi naye anatamani umuone.

Kabla hamjaniuliza inbox, niseme hapa wote mfaidi. Kabla ya kumwita fundi, angalia kama chaneli nyingine zinafanya kazi. Zikiwa nzima na zimepotea mbili tatu za kundi moja, ungo wako hauna kosa, usimpandishe mtu kwenye bati. Pili, ukiwa umelipia kifurushi kwa ajili ya chaneli hizo, peleka malalamiko kwa kampuni kwanza na utunze namba ya malalamiko. Wasipokujibu ndipo uende TCRA. Ukienda TCRA bila kuanzia kwa kampuni watakurudisha. Tatu, kuna risiva za setilaiti za bure zisizo na malipo ya mwezi. Zinasaidia, ila zisikudanganye: chaneli inaweza kuhama masafa au kufungwa siku yoyote, na huna wa kumlalamikia.

Liwale Ndani Ndani

Fundi, acha utani wangu wa mwanzo. Kilima cha nyuma ya nyumba yangu kipo juu sana, naweza kusimika antena huko halafu nivute waya mpaka sebuleni?

Fundi Ungo Masasi

Inategemea umbali. Waya ukiwa mrefu sana signali inachoka njiani, utahitaji busta ya kuipa nguvu, na busta inataka umeme. Kabla hujanunua chochote, panda huko na televisheni ndogo ya sola na antena ya kuazima uone kama unashika kitu. Ukishika, simika bomba la chuma, usitumie mwanzi, na ukaze waya pande tatu. Kusi hilo la mwezi wa saba halina adabu.

Liwale Ndani Ndani

Sola ninayo, antena ya kuazima ndiyo sina. @Nangurukuru, ile ya shemeji yako bado ipo?