Ushauri: Mnunuzi wa peleti Ulaya anadai cheti cha uendelevu, vumbi letu linatoka kwenye dingdong. Tuanzie wapi?

Katibu_Ushirika (Mufindi)

Wakuu, habari za kazi. Ushirika wetu ni wa wakulima wa miti. Wanachama wengi wana paina na milingoti, kati ya ekari 2 na 15 kila mmoja. Tunafunga mashine ya peleti (punje za vumbi la mbao lililokandamizwa, za kuchomea) ya tani moja kwa saa. Malighafi ni vumbi la mbao na mabanzi kutoka dingdong (mashine za kupasulia mbao zinazohamishika) zinazozunguka vijijini, pamoja na miti myembamba inayotolewa wakati wa kupunguzia mashamba.

Mnunuzi wa Ulaya ameonyesha nia, ila anataka "cheti cha biomasi endelevu" (biomasi ni miti na mabaki yake yanayochomwa kwa nishati). Kwenye barua pepe moja kaandika SBP, FSC na ENplus. Naomba kujua:

1. Hivi vitatu ni kitu kimoja, au tunatakiwa kuwa navyo vyote?
2. Vumbi ni taka tu ya dingdong. Nalo linahitaji cheti?
3. Pesa ya kwanza tuiweke wapi?

Mkaguzi_Mstaafu

Mkuu, kabla ya kulipa senti kwa kampuni ya ukaguzi, muulize mnunuzi maswali mawili. Peleti zinaenda kuchomwa wapi, na boila ina ukubwa gani? Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia cheti.

ENplus ni cheti cha ubora wa peleti. Kinapima kipenyo (milimita 6 au 8), unyevu usiozidi 10%, majivu, uimara na nishati. Daraja A1 linataka majivu yasizidi 0.7%, A2 1.2%, B 2.0%. Ukiwa na ENplus bado hujamthibitishia mtu kwamba msitu unatunzwa.

FSC (Forest Stewardship Council) inaangalia shamba na safari ya mti. Ina sehemu mbili: cheti cha usimamizi wa msitu, kinachokwenda kwa mkulima au kikundi, na cheti cha mnyororo wa umiliki, kinachokwenda kwa kila anayenunua, kuchakata na kuuza. Mnyororo ukikatika kwa mmoja asiye na cheti, mzigo unapoteza hadhi hata kama shamba lina cheti.

SBP (Sustainable Biomass Program) ni mfumo wa biomasi ya nishati hasa. Ulianzishwa 2013 na makampuni ya umeme ya Ulaya yanayochoma peleti na chipsi (vipande vya mti uliokatwakatwa) kwa wingi, kwa sababu FSC haiwapi hesabu ya kaboni ambayo sheria inawadai. SBP imejengwa juu ya FSC na PEFC (mfumo mwingine wa vyeti vya misitu): malighafi yenye cheti cha mojawapo inapokelewa moja kwa moja. Isiyo na cheti inabidi uifanyie tathmini ya hatari ya eneo lote unalochukulia. Estonia, Latvia na Lithuania zina tathmini za nchi nzima ambazo kiwanda kidogo kinaweza kuzitegemea. Ninyi mtaifanya wenyewe, pamoja na kuwahoji wadau, na hapo ndipo bajeti huvuka makadirio.

Sasa ukubwa wa boila. Sheria ya nishati jadidifu ya Umoja wa Ulaya ya 2018 iliweka masharti ya uendelevu kwa mitambo ya biomasi ngumu kuanzia megawati 20. Marekebisho ya 2023 yameshusha hadi megawati 7.5. Mnunuzi anayefungasha mifuko ya kilo 15 kwa majiko ya nyumbani hana sababu ya kisheria ya kudai SBP. Anachohitaji ni ENplus na ushahidi wa asili ya mti. Anayeuzia mtambo wa umeme atahitaji SBP au mfumo mwingine unaotambuliwa na Tume ya Ulaya.

Mzee_wa_Nyaraka

Naongezea swali la pili, maana hapo watu wengi hupotea. Vumbi linaangaliwa tofauti na kila mfumo:

Sheria ya nishati ya Ulaya inalihesabu kama mabaki ya kiwanda. Masharti ya msituni hayalihusu, linadaiwa hesabu ya kaboni tu, na hesabu hiyo inaanzia pale lilipokusanywa. Nafuu kubwa. Ila angalia: matawi na vichwa vya miti vilivyobaki shambani ni mabaki ya msitu, hayapati nafuu hiyo. Miti yenu ya kupunguzia vilevile. Kwa hiyo mna malighafi za aina mbili zenye madai tofauti. Fungueni madaftari mawili tangu siku ya kwanza, na marundo mawili uwanjani.

FSC inalihesabu kama zao la pembeni. Hadhi ya vumbi ni hadhi ya gogo lililopasuliwa. Gogo halina cheti, vumbi halina cheti. Wengi hudhani litaingia kama malighafi iliyorejelewa, lakini vumbi la upasuaji wa kwanza wa gogo haliingii humo.

Kisha kuna sheria ya Ulaya ya kuzuia ukataji misitu, EUDR, ya 2023. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja, ila masharti ya msingi yanajulikana. Kuni, chipsi, peleti na mkaa vimo. Vumbi la kupasulia mbao halisamehewi kwa jina la taka, kwa sababu ni zao la pembeni la uzalishaji. Mnunuzi lazima awe na viwianishi (namba za mahali kwenye ramani, kama za GPS) vya kila shamba lililotoa gogo, na ardhi hiyo isiwe imefyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Shamba linalozidi hekta 4, yaani kama ekari 10, linatakiwa mchoro wa mipaka yote. Chini ya hapo nukta moja inatosha, yenye tarakimu sita baada ya desimali.

Tatizo la dingdong liko hapo. Leo inapasua kwa huyu, kesho imehamia bonde la pili, na rundo la vumbi limechanganyika magogo ya wakulima watano. Likishachanganyika, hakuna mkaguzi atakayelitenganisha. Jibu langu kwa swali la tatu: pesa ya kwanza iende kwenye kumbukumbu za dingdong.

Katibu_Ushirika

Asante sana wakuu. Mzee wa Nyaraka, kumbukumbu hizo ziweje kwa vitendo? Waendesha dingdong wengi wanaandika kwenye kipande cha karatasi, wengine hawaandiki kabisa.

Mzee_wa_Nyaraka

Kitabu cha risiti chenye nakala tatu (dingdong, dereva, kiwanda), namba zifuatane. Kila mkusanyiko wa vumbi uwe na: tarehe, namba ya dingdong, namba ya shamba, aina ya mti, ujazo wa magogo yaliyopasuliwa, kilo za vumbi zilizopakiwa, unyevu, sahihi mbili. Namba ya shamba iunganishwe na daftari kuu lenye jina la mwenye shamba, ushahidi wa umiliki (hatimiliki ya kimila, au barua ya serikali ya kijiji pale ambapo hati haijatoka), mwaka wa kupanda, viwianishi, na nakala ya kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia kutoka TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) pale vinapotakiwa.

Safu ya ujazo wa magogo msiiache, ndiyo mkaguzi ataitumia kuwakamata. Tuseme dingdong imepasua meta za ujazo 100 za paina. Paina ina kama kilo 400 za mti mkavu kabisa kwa meta moja ya ujazo, kwa hiyo jumla ni tani 40. Msumeno mnene ukigeuza 15% kuwa vumbi, mna tani 6 kavu. Kwa unyevu wa 10% hizo ni peleti tani 6.7. Kitabu kikisema mmetoa tani 10 za peleti kutoka dingdong hiyo bila mabanzi, maana yake kuna vumbi la mahali pengine limeingia. Pimeni uwiano wenu halisi kwa dingdong kadhaa, muuandike na namna mlivyoupata. Mkaguzi anakubali uwiano wowote wenye kipimo nyuma yake.

Viwianishi navyo vina mtego. Ramani za upimaji wa zamani nchini ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, simu zinatumia WGS84. Ukichukua namba kutoka ramani ya zamani ukazipeleka bila kubadilisha, shamba linahama takriban mita 300. Kwenye picha ya setilaiti litaangukia shamba la jirani, au katikati ya msitu wa hifadhi, na mzigo mzima unazuiliwa. Tembeeni mipaka na simu au GPS, wekeni mfumo kuwa WGS84 kwa nyuzi za desimali.

Fundi_Boila

Nyote mmeruka kaboni, na ndiyo inayoua miradi ya mbali na bahari. Tufanye hesabu ya tani moja ya peleti, yenye nishati kama gigajuli 17.

Vumbi bichi lina unyevu wa 50%. Kupata tani moja yenye unyevu wa 10% unahitaji tani 1.8 za vumbi bichi, na unaondoa maji kilo 800. Kukausha kilo moja ya maji kunakula si chini ya kilowati-saa moja ya joto, hivyo kilowati-saa 800. Kwa dizeli hizo ni lita 80, zinazotoa kilo 216 za kaboni dioksaidi. Gawanya kwa gigajuli 17: gramu 12.7 kwa kila megajuli ya peleti.

Sasa kikomo. Ulaya inalinganisha umeme wa biomasi na gramu 183 za kaboni dioksaidi kwa megajuli ya umeme. Mtambo mpya unatakiwa kupunguza 80%, zinabaki gramu 36.6. Ufanisi wa mtambo ukiwa 40%, peleti zenyewe zinaruhusiwa gramu 14.6 tu. Dizeli ya kukaushia peke yake imekula karibu zote, na bado hujahesabu lori la Mafinga hadi Dar, karibu kilomita 600. Lori la tani 28 likirudi tupu linakula kama lita 440 kwa safari nzima, unapata gramu 2.5 nyingine kwa megajuli. Bado meli, na umeme wa kukandamiza wa kilowati-saa 100 hadi 150 kwa tani. Umepitiliza.

Choma mabanzi kwenye tanuru la kukaushia badala ya dizeli. Kilo 250 hivi za mabanzi yenye unyevu wa 30% zinatosha tani moja ya peleti, na gramu hizo 12.7 zinakaribia sifuri. Kwa hiyo mabanzi yaende motoni, vumbi liende kwenye mashine. Fungeni mita ya umeme ya mashine peke yake, na pimeni mafuta ya kila lori. SBP wanataka takwimu zilizopimwa, na makadirio yakikosa ushahidi mkaguzi anaweka thamani ya juu inayowaumiza.

Jambo la mwisho upande wa ubora: dingdong zinapasua juu ya udongo. Vumbi la chini likizolewa na koleo linakuja na mchanga. Majivu yanaruka juu ya 2%, na sahani yenye matundu ya mashine ya peleti inalika upesi. Tandikeni turubai chini ya msumeno, na sentimita chache za chini za rundo la zamani ziacheni.

Mama_Miche (Njombe)

Kaka Katibu, kwa miti ya kupunguzia nakushauri cheti cha kikundi cha FSC. Mkulima wa ekari 5 hawezi kulipia ukaguzi peke yake. Kwenye kikundi, ushirika ndio wenye cheti, unaandika kanuni, unakagua wanachama wenyewe, na mkaguzi wa nje anachagua sampuli. Cheti ni cha miaka 5 na ukaguzi wa kila mwaka. Kasoro kubwa inapewa miezi 3 kurekebishwa, ndogo mwaka mmoja. Msiogope kwamba ni ya makampuni makubwa tu: vijiji vya Kilwa chini ya MCDI (shirika la uhifadhi wa mpingo) vilipata cheti cha kikundi kwa misitu yao ya asili tangu 2009.

Yatakayowakwamisha huku kwetu nayajua. La kwanza, milingoti kwenye mabonde na vinyungu (bustani za bondeni). Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, na mkaguzi anafika na futi kamba. Shamba la namna hiyo lisiingizwe kikundini mpaka ukanda huo uwe na mpango wa kuondolewa miti hiyo na kurudishiwa ya asili. La pili, wakata miti wasio na kofia ngumu, buti wala mafunzo ya msumeno wa mnyororo. La tatu, shamba lililopandwa baada ya kufyeka msitu wa asili. FSC inaangalia nyuma hadi 1994. Ufyekaji wa kati ya hapo na mwisho wa 2020 una utaratibu wa kufidia, wa baada ya 2020 hauna mlango.

Anzeni na wanachama wachache wenye hati na mashamba yasiyogusa maji. Wengine wataongezwa kikundi kikishasimama.

Mchoma_Mkaa_Halali

Samahani Katibu kwa kudandia uzi. Sisi tuna msitu wa kijiji, tunataka kuuza mkaa wenye cheti. Utaratibu ni huuhuu?

Mkaguzi_Mstaafu

Karibu. Upande wa FSC ndiyo, na Namibia wanasafirisha mkaa wenye cheti hicho kwenda Ulaya kwa kazi ya kuchomea nyama. Ila ninyi msingi wenu ni mpango wa uvunaji. Mfano wa Kilosa ni mzuri kuuiga: msitu wa hifadhi ya kijiji umetengewa eneo la mkaa, likagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kimoja na kurukwa kingine, na mzunguko ni miaka 24. Visiki vinaachwa vichipue, na kitalu kilichovunwa hakilimwi. Kikilimwa, hapo ni kufyeka msitu, na cheti hakipo.

Katibu_Ushirika

Mnunuzi amejibu. Peleti ni za mifuko, kwa majiko ya nyumbani na boila za shule, hakuna inayofika megawati 7.5. Kwa hiyo SBP tuiweke pembeni?

Mkaguzi_Mstaafu

Iweke pembeni kwa sasa. Mwombe aandike hilo kwenye mkataba, pamoja na daraja la ENplus analolitaka. Kwa vumbi la paina lisilo na gome lenga A1, mabanzi yenye magome yakiingia hesabu A2. Ukiacha ubora, mna kazi mbili: viwianishi na kitabu cha dingdong. Cheti cha kikundi kianze kuandaliwa taratibu kwa ajili ya miti ya kupunguzia, na mita za umeme na mafuta fungeni sasa hivi, maana akija mnunuzi wa mtambo mkubwa atataka takwimu za miezi 12 zilizopita. Risiti zote zihifadhiwe miaka 5, FSC na EUDR wote wanadai hivyo. Nakala ya kiwanda iskaniwe siku hiyohiyo. Karatasi ya kaboni ya vitabu vya bei ndogo hufifia, na mkaguzi hapokei risiti isiyosomeka.