Krismasi Bukoba: Kyaka na Kaboya kwa siku moja?

Wakuu, sikukuu nampeleka Bukoba mzee aliyepigana Vita vya Kagera. Anataka Kyaka na makaburi ya mashujaa Kaboya. Siku moja inatosha?

Jibu: Itabana, mkuu. Kyaka ni barabara ya Mutukula, kama kilomita 50. Kaboya ni Muleba, kusini. Gawa siku mbili.

Jibu: Kaboya ni sehemu ya jeshi. Usiibuke tu getini. Omba ruhusa mapema, beba vitambulisho, simu zibaki mfukoni.

Jibu: Kyaka pandeni kwenye magofu ya kanisa. Darajani, mwache aangalie mto bila maswali. Lile la zamani lililipuliwa Novemba 1978.

Halafu fataki za mwaka mpya! Mlio wa ghafla humshtua mpiganaji kuliko makaburi. Chukua chumba mbali na katikati ya mji, mtahadharishe kabla ya saa sita usiku.